Mwaka Nilioingia Jikoni

Kwa wanaume wa umri wangu hapa Izigo, jiko ni mahali pa kupita. Unasimama mlangoni, unaomba kaa la moto, unauliza chakula kimefika wapi, unaondoka. Nilioa, nikazaa, nikazeeka bila kujua chumvi inakaa kwenye kopo gani. Nilichojua ni kibanja changu: kupunguza machipukizi ya migomba, kutandaza nyasi, kuchuma kahawa. Mkungu nilikuwa naukata mimi, naubeba hadi mlango wa jiko, nautua. Kuanzia pale ulikuwa wa mke wangu.

Kisha mke wangu akapata kiharusi. Alikuwa uani anaanika maharage, akaanguka juu ya mkeka. Tulimpeleka hospitali, wakamtunza vizuri, nami namshukuru Mungu kwa mikono iliyomtunza. Lakini alirudi nyumbani upande wake wa kulia umelala, na katika maneno yake yote lilibaki moja tu: "Ee." Watoto wetu wako mbali, isipokuwa binti yetu wa mwisho, ambaye ana duka la vitenge Rwamishenye, pale Bukoba mjini. Siku tuliyotoka hospitali alitaka kwenda na mama yake. Nilikataa.

Nilikataa kwa sababu ambayo niliiona kuwa ni ya Mungu. Nilikuwa katekista wa kigango chetu mpaka nikastaafu, na wachumba wengi wa upande huu wamepita katika mafundisho yangu. Niliwaambia kwamba siku ile mbele ya altare wataahidi kuwa waaminifu katika taabu na raha, katika ugonjwa na afya. "Na ahadi hiyo," nilikuwa nikiwaambia, "huwezi kumtuma dada yako akakutimizie." Walikuwa wanacheka. Sasa ugonjwa ulikuwa ndani ya nyumba yangu, na sikutaka binti yangu anitimizie.

Basi nikaingia jikoni. Siku ya kwanza nilimenya ndizi kama mtu anayechonga mpini. Nusu ya ndizi iliondoka na ganda. Utomvu uliniganda vidoleni ukawa mweusi, nikajifuta kwenye suruali, na suruali ile mpaka leo haijatakata. Sikujua kwamba ndizi iliyomenywa hutumbukizwa kwenye maji mara moja, kwa hiyo zilipofika chunguni zilikuwa na rangi ya udongo. Jirani yetu, mjane mwenye ulimi mkali aliyekuwa rafiki wa mke wangu tangu walipokuwa mabinti, alinikuta nikipuliza moto huku machozi yakinitoka.

"Waitu, katekista!" alisema, akashika kiuno. "Leo tumepata bibi harusi mwenye ndevu."

"Mama, badala ya kunicheka, nionyeshe."

"Nikuonyeshe, halafu wazee wenzako waseme nimekuroga? Sogea huko. Kisu hakitembei, inayotembea ni ndizi. Izungushe. Hivi. Unaogopa nini? Haitakuuma."

Alinionyesha. Alinionyesha pia namna ya kufunika chungu kwa majani ya mgomba na kuyabana pembeni ili mvuke usitoroke, na wapi pa kuweka maharage ili yasiwahi kuungua. Alipokuwa anaondoka alisimama karibu na kitanda cha mke wangu, akamshika mkono ulio mzima, wakatazamana. Kisha akaniambia, bila utani sasa, "Kupika, pika. Lakini kumwosha niachie mimi. Nitakuwa nakuja asubuhi na jioni."

"Hapana, mama. Mke wangu nitamwosha mwenyewe. Ndivyo nilivyoahidi."

"Katekista, kuna mambo ya wanawake."

"Mbele ya Mungu sisi ni mwili mmoja."

Alinitazama, akachukua fimbo yake, akaenda.

Nataka niandike kwa haki, kwa hiyo niseme kwamba miezi ile ilikuwa na furaha yake. Katika mafundisho yangu nilizoea kusema kwamba Mungu hasubiri sikukuu, tumtafute katika mambo madogo ya kila siku. Nilisema hivyo kama mtu anayesoma maandishi ya ubaoni. Sasa niliyaona. Asubuhi nilifungua dirisha, mwanga ukaingia mpaka kwenye shuka, naye akafumba macho kama mtoto. Nilimlisha ndizi laini kwa kijiko na nikajua, kwa namna alivyofungua mdomo, kama chumvi imezidi. Wakati wa sala ya Malaika wa Bwana nilisali kwa sauti sehemu yangu na sehemu yake, na mwishoni alisema "Ee" mahali pa Amina. Nilikuwa nimesali na mwanamke huyu maisha yangu yote nikiwa nimemtangulia hatua moja, na hapo ndipo nilipojua anapumuaje katikati ya sala.

Ulipofika msimu wa senene, wale panzi wa kuliwa, yule jirani alituletea ndoo yao. Zamani mke wangu alikuwa akikaa chini akinyonyoa mabawa na miguu, na mimi ndiye niliyekula. Safari hii nilikaa mimi. Nilimweka karibu yangu kwenye kiti, nikamwekea ungo mapajani, naye kwa mkono wake wa kushoto akawa ananyonyoa mmoja mmoja. Senene wangu walikuwa wanatoka bila vichwa. Aliokota kichwa kimoja, akakitazama, akanitazama mimi, akacheka. Upande mmoja tu wa uso ulicheka, mwingine ukabaki umelala, lakini kicheko kilikuwa chake kabisa, kile cha siku za uchumba. Nilimshukuru Mungu kwa sauti. Nilisema moyoni kwamba haya ndiyo niliyokuwa nafundisha bila kuyajua, kwamba ugonjwa huu umetupa ndoa yetu upya.

Niliamini hivyo kwa moyo wote.

Kuoga kwake ndiko kulikuwa kazi ngumu. Nilichemsha maji, nikayapooza, nikayapima kwa kiwiko, nikafunga mlango. Nilimvua polepole, nikimwimbia nyimbo za Bikira Maria ili asione muda ni mrefu. Kila mara aligeuza uso ukutani na kubana macho, na midomo yake ilikuwa inatetemeka. Nilidhani anasali. Niliwaeleza hata wenzangu wa jumuiya, walipokuja kusali nyumbani kwetu, kwamba mgonjwa wangu anasali akiwa anaogeshwa, na wazee wakatikisa vichwa kwa heshima. Yule jirani alikuwa amekaa karibu na mlango. Hakutikisa kichwa.

Baada ya senene kwisha mke wangu alianza kukonda. Alifunga mdomo kijiko kikiwa njiani. Nilibadilisha mboga, nikanunua samaki wa kukaanga wanaotoka visiwani, nikaponda ndizi kama za mtoto mchanga. Aliniangalia tu. Padri alipomletea Komunyo alipokea, lakini chakula changu alikataa. Nikajua sasa nagombania uhai wake, na silaha niliyokuwa nayo ni chungu na kisu.

Binti yetu alikuja Jumapili moja, baada ya Misa. Alimkumbatia mama yake, kisha akanifuata jikoni.

"Tata, mama amekwisha."

"Anapona polepole."

"Haponi. Nimeshika mabega yake. Nampeleka kwangu."

"Unafunga duka lini umwangalie? Kule atakaa na mfanyakazi. Hapa yupo na mume wake."

"Kule atakaa na mimi, na shangazi yangu yupo, na maji ya bomba yapo."

"Hapa ni kwake. Anataka kubaki."

"Amekwambia?"

Ilikuwa kweli kwamba sijamuuliza. Nilikuwa nimemuuliza kama ana kiu, kama ana baridi, kama chumvi imezidi. Lile swali moja sikuwahi kuliuliza, kwa sababu nililiona limekwisha jibiwa kanisani tangu ujana wetu.

Tulirudi chumbani. Jirani alikuwa amefika kumsalimia binti, akakaa pembeni. Binti yetu alipiga magoti kando ya kitanda, akasema na mama yake kwa Kihaya, taratibu, kama anavyosema mtu na mkubwa wake. "Mama, unataka twende wote Rwamishenye?"

"Ee," alisema mke wangu.

"Anasema hivyo kwa kila kitu," nikasema. "Ndilo neno alilobaki nalo."

Binti yangu alifikiri kidogo. Akauliza tena, "Mama, unataka kubaki hapa na tata?"

Mke wangu alifunga mdomo. Tulingoja. Kuku walikuwa wanaparua uani na niliwasikia wote. Binti aliuliza mara nyingine, na mara nyingine mke wangu hakusema kitu, ila machozi yalimtoka kwenye jicho moja na jingine.

Nilitoka nje. Jirani alinifuata mpaka kwenye migomba.

"Nimemkosea nini?" nilimwuliza. "Wewe unamjua. Nimepika, nimefua, nimesali naye. Nimemkosea nini?"

"Hujamkosea."

"Kwa nini basi?"

"Unamwosha, katekista." Aliegemea fimbo yake. "Huyu mwenzangu, tangu umemwoa, amewahi kuvua nguo mbele yako mchana? Au nasema uongo?"

Nilibandua jani kavu kwenye mgomba uliokuwa karibu.

"Basi ndiyo hivyo. Kila siku unamvua kama mtoto, na kuimba unaimba. Yeye hana mdomo wa kukwambia toka. Mwanamke yule alikuwa akitoka bafuni amejifunga mpaka shingoni, wewe unamgeuzageuza kama mkungu. Angekula kwa nini? Akila ataoshwa zaidi."

"Ungeniambia."

"Nilikwambia. Ukanijibu Katekisimu."

Waliondoka mchana uleule, kwa gari la kukodi. Nilimbeba mimi mpaka ndani ya gari, kwa sababu hakukuwa na mwanaume mwingine ila dereva. Alikuwa mwepesi. Nilikuwa nimepika, na chungu kilikuwa bado motoni. Binti alisema wasisubiri, barabara ina vumbi na mama atachoka. Nilikula peke yangu. Ndizi zilikuwa zimeiva vizuri, nyeupe, laini, pengine bora kuliko zote nilizowahi kupika. Hakuna aliyekuwepo wa kuzikataa.

Watu wa jumuiya wananiambia nishukuru, mgonjwa anahudumiwa. Nashukuru. Nimezoea kushukuru, na sijaacha, lakini kwa miezi kadhaa shukrani ilikuwa mdomoni mwangu kama mubirizi, yale majani tunayochemshia homa: unayanywa kwa sababu unajua yanafaa. Kilichoniuma si kwamba ameondoka. Kilichoniuma ni zile asubuhi. Dirisha, kijiko, "Ee" yake mahali pa Amina. Nilizihifadhi kama zawadi tuliyopewa wawili, na sasa sijui ni ngapi kati ya hizo alizipokea na ngapi alizivumilia. Kile kicheko cha senene najua kilikuwa cha kweli. Nakishikilia hicho. Mengine namwachia Mungu ayatenganishe, Yeye aliyekuwa anamsikia wakati mimi naimba.

Huwa nakwenda Rwamishenye Jumamosi. Amenenepa. Anavaa gauni safi, kitambaa kimefungwa kichwani vizuri, na anakaa sebuleni, nyuma ya duka, akitazama wateja wakichagua vitenge. Sasa ana maneno zaidi ya moja, machache, na mengi anamwambia binti yake. Safari iliyopita nilipoingia, yeye mwenyewe alinisogezea kikapu cha kahawa ya kutafuna kwa mkono wa kushoto, kama tunavyompa mgeni. Nilichukua punje, nikashukuru kama mgeni. Tulikaa. Nilimweleza habari za kibanja, mgomba upi umeanguka kwa upepo, nani amezikwa, nani ameoa. Alisikiliza, akanitazama usoni, jambo ambalo kule nyumbani alikuwa ameacha.

Saa za jioni binti alisimama akachukua beseni. Nami sikungoja kuambiwa. Niliinuka, nikachukua kofia yangu, nikapita dukani mpaka nje, nikasimama kibarazani karibu na mwanamke anayeuza ndizi za kuchoma. Mlango ulifungwa nyuma yangu. Nilisikia maji yakimiminwa, nikasikia binti yangu akisema jambo la utani, halafu sauti ya mke wangu ikijibu, neno refu ambalo sikulielewa, na wote wawili wakacheka.

"Mzee, nikupatie moja?" akaniuliza muuza ndizi.

"Nipe mbili," nikamwambia. "Mmoja yuko ndani anaoga."