Kuni za Kutembeza

Waasi walipoingia Beni mara ya kwanza, mama yangu alibebwa na wanaume wanne kwenye kipoyi, ile machela ya mianzi ambayo mtaa wetu wa Mulekera uliiweka tayari kwa wagonjwa na wanawake wenye uchungu wa kuzaa. Mama hakuwa mgonjwa, na uchungu wa kuzaa aliuaga zamani. Alikuwa mnene tu. Alitembea nasi mpaka mwisho wa nyumba za mtaa, akaketi kando ya njia, akasema pumzi imekwisha. Wale wanaume wakarudi kumchukua. Walikuwa wabeba magunia wa depo ya kahawa, majirani zetu, na kila mmoja alikuwa ameacha kitu chake nyumbani ili mabega yawe huru. Mmoja aliacha mbuzi.

Tulipofika kwenye mashamba ya kahawa walimshusha polepole, wakajinyoosha migongo. Mama hakuwashukuru. Aliketi akiwapa kisogo, nami nikaona aibu kwa niaba yake, kwa sababu sikuwa nimeelewa bado. Aliniambia tu baada ya kurudi mjini, akiwa anakunja vikwembe, vitenge vyake vya biashara.

"Nilikuwa nasikia namna banahema," alisema. "Miye hapana bebwa tena. Wakirudia, nitakimbia na miguu yangu."

Nieleze kidogo kuhusu unene huo, maana leo watu husikia neno hilo wakafikiri ni ugonjwa. Mama alizaliwa Butembo, na huko mwanamke mfanyabiashara mwenye mwili kama wake hupewa kiti cha mbele. Marehemu baba alijivunia. Wateja walimwamini, kwa sababu nani atanunua kikwembe kwa mtu aliyekonda? Maisha yake yote hakuna aliyemwambia apunguze hata kidogo. Ni vita iliyomwambia. Vita ndiyo iliyotufundisha kutazamana na kujiuliza nani ni mzito, nani atabebwa na nani, na mimi hadi leo sijaisamehe kwa hilo, kabla hata ya kufika kwenye mengine.

Jirani yetu mmoja alikuwa muuguzi, nasi tulimwita dokta kama tunavyowaita wote. Alimshauri mama atembee kila asubuhi, apande mlima, arudi, asibebe kitu. Ushauri mzuri kwa mtu wa mahali pengine. Kwetu mwanamke hatembei mikono mitupu. Akionekana alfajiri anapanda njia bila kikapu wala jembe, basi ama amerukwa na akili ama anatoka kwa mume wa mtu. Kwa hiyo mama alitafuta dawa yake mwenyewe. Alichukua kikapu kikubwa, akakijaza kuni, akapitisha kamba kwenye paji la uso kama wanawake wetu wanavyobeba, akazipeleka kuni hizo matembezini. Saa ya chai alirudi nazo. Kesho yake alizipeleka tena.

Majirani walianza kumuuliza anachanja wapi kuni nzuri namna hiyo. Alijibu kwamba ni mbali. Nilicheka mpaka nikaegemea ukuta. Mtoto wangu mgongoni naye alicheka bila kujua tunacheka nini. Mume wangu alikuwa upande wa Kisangani tangu kabla ya vita, bila habari yoyote, kwa hiyo kicheko nyumbani kwetu kilikuwa kitu adimu, na nilimshukuru mama kwa kuni zile.

Yeye hakucheka. Jioni mapaja yalimwaka, vigimbi vya miguu vikawa vigumu kama mbao, nami nikamsugua na mawese ya uvuguvugu huku akinitukana kwa Kinande. Asubuhi alifunga kamba upya. Sikuwahi kumwona anataka kitu kwa nguvu namna ile, hata alipokuwa anajenga nyumba.

Kabla ya kuanza alikuwa amejipima kwenye depo. Hapo palikuwa na baskuli, ile mizani ya chuma ya kukanyaga inayopima magunia, na ndiyo mizani pekee tuliyoijua, maana ile ya zahanati ilikwenda na askari fulani. Depo ina desturi yake. Kilo husomwa kwa sauti ya juu, ili muuzaji, mnunuzi na wabebaji wote wasikie pamoja na asiwepo wa kusema ameibiwa. Mtu akipima kahawa ni sawa. Mama alisomwa hivyo hivyo, hadharani, zaidi ya gunia moja na nusu, akashuka.

Baada ya majuma kadhaa ya kutembeza kuni alirudi. Alivaa kikwembe cha kanisani. Nilikwenda naye kwa sababu nilitaka kuona uso wake akishinda. Wabebaji waliacha magunia, wakasogea, wale wale wanne wa kipoyi wakiwa mbele, na nina hakika walimtakia mema. Mpimaji alisukuma jiwe la mizani, akalirudisha, akalisukuma tena. Kisha akasoma kwa sauti, kama desturi ilivyotaka. Zilikuwa zimeongezeka kilo tatu.

Halafu yule aliyeacha mbuzi akajaribu kutusaidia sote.

"Hapana shida, mama," alisema. "Tutatafuta mianzi ya nguvu."

Wenzake wakacheka kidogo, kwa upole. Mama alishuka, akakaza kikwembe chake kiunoni, akawaaga kwa heshima mmoja mmoja. Tulirudi nyumbani. Alikwenda moja kwa moja uani, akamwaga zile kuni chini, akazichanja, akapikia maharage. Nilipoona moto umewaka nilijua mambo yamekwisha.

Dokta alikuja jioni ile, nikamweleza. Hakushangaa hata kidogo. Aliketi karibu na mama kwenye jiko.

"Ile kilo ni maji tu, mama," alisema. "Nyama ya miguu ikianza kazi mupya inaumia, ikiumia inashika maji. Na tena ulibeba kuni, donc miguu yako ilishituka mara mbili. Endelea. Mwezi moja, miwili, ile maji itatoka yenyewe, na mafuta nyuma yake."

"Dokta, miye niko nauzisha tangu mutoto," mama alimjibu. "Mutu anaweza danganya. Baskuli hapana danganya."

Hivyo ndivyo tulivyo. Mfanyabiashara wa kwetu atabishana na padri na daktari, atabishana na askari mwenye bunduki, lakini mizani ikisema, ananyamaza. Mimi nilikuwa na ushahidi wangu. Nilimfunga mama kikwembe kila Jumapili, na Jumapili zile kilikuwa kimeanza kuzunguka zaidi, pindo likifika mbali kuliko zamani. Nilimwonyesha. Alisema macho yangu yanampenda ndiyo maana yanaona hivyo. Hakuenda tena mlimani, na mimi nilichoka kumbembeleza.

Waasi waliporudi mara ya pili, walianzia depo. Walihitaji watu wa kubeba masanduku ya risasi, na wapi pengine utapata mabega yaliyokwisha kufundishwa? Waliwachukua wabebaji wote asubuhi ile, pamoja na wale wanne. Risasi zilipoanza kusikika karibu nasi, kipoyi kilikuwa kimeegemea ukuta wa jirani, na hapakuwa na mtu wa kukiinua ila sisi wanawake wenye watoto migongoni.

Mama alikuwa mlangoni. Alikuwa amekwisha kutengeneza mzigo wangu, unga na sufuria ndogo.

"Tuende polepole," nilimwambia. "Tutapumzika njiani."

"Hapana. Nitafika mwisho wa nyumba, nitakaa chini, na wewe utakaa na miye. Mutoto je?" Aligusa kisigino cha mwanangu. "Wende."

Nilimkasirikia. Nilikasirikia ile baskuli, mpimaji na sauti yake. Nilikwenda nikilia kwa hasira, na njia nzima ya mlima, ile aliyoizoea na kuni zake, nilifikiri kwamba kama angeendelea angekuwa anapanda mbele yangu sasa.

Tuliporuhusiwa kurudi, baada ya miezi kadhaa, nilimkuta jikoni. Waasi walikuwa wamelala nyumbani mwetu, yeye akawapikia mbuzi na kuku wa mtaa, akala ukoko uliobaki kwenye sufuria. Aliponiona hakusimama mara moja. Kisha akasimama, na kikwembe kikateremka, akakidaka kwa mkono. Mabega yalikuwa yamekonda hata sikuyatambua. Wabebaji hawakurudi, hata mmoja. Wake zao walikuwa bado wanakwenda kuuliza habari barabarani, asubuhi na jioni.

Siku moja mama aliniambia twende depo. Palikuwa patupu, hata milango ilichukuliwa, lakini baskuli ilibaki kwa sababu hakuna aliyeweza kuiinua. Alipanda, akanishika bega. Nilisukuma jiwe la mizani mwenyewe. Nikalirudisha, na kulirudisha tena, kwa sababu lilikuwa linakataa kukaa mahali nilipotazamia.

"Soma," alisema.

Nikasoma kwa sauti, ingawa hapakuwa na mtu. Hesabu ilikuwa chini sana ya ile aliyoiomba wakati wa kuni.

"Kumbe dokta alisema kweli," alisema mama. "Ilitoka."

Hakuwa anatania.

Waliporudi mara ya tatu, mwanangu aliweza kutembea akishika pindo langu. Miguu ya mama ndiyo iliyokuwa imekwisha. Mapaja yale niliyoyasugua na mawese hayakuwa na kitu cha kusugua tena. Nilichukua ile kamba ya kikapu, nikambeba mgongoni, nikaipitisha chini yake na kuifunga kwenye paji la uso wangu kama unavyofungwa mzigo wa kuni. Alijifunika kichwa kwa khanga ili watu wasimwone. Hivyo tukapita mwisho wa nyumba, tukapanda mlima, tukashika barabara ya Butembo pamoja na wengine.

Kila baada ya muda alininong'oneza nyuma ya sikio, "Nishushe upumzike, mwana wangu. Nishushe."

Nilimwambia bado. Sikuwa nimechoka. Mpaka lori lilipotuokota, mbali kabisa, sikuwa nimechoka.