Niliweka Vyote Kumkomoa Mpangaji Wangu

Mwizi ni mimi. Siyo shetani, siyo majirani, wala siyo karata. Nilichukua vipuli vya dhahabu vya mjukuu wangu nikaenda kuvichezea poka. Na kamari ni haramu, nalijua hilo kabla yenu, kwa hiyo msihangaike kunikumbusha!

Ilikuwa miaka ile ya ruhusa, maduka ya Kariakoo yamefurika vitu na kila kichwa maji kajiita mfanyabiashara. Mimi nina nyumba yangu hapo hapo, vyumba sita, niliachiwa na marehemu mume wangu. Darasa la nne sikumaliza, lakini wapangaji wote walikuwa wananiamkia mimi kwanza asubuhi.

Chumba cha uani alikaa Mama Zuena, muuza viatu vya mitumba Mchikichini. Nilikuwa namwita "Kafa Ulaya", kwamba anauza viatu vya wazungu waliokufa, tena mbele yake. Anacheka kidogo, anachukua ndoo yake, anaondoka. Nikaona ni mjinga.

Sasa, kule Mchafukoge nina shoga yangu wa Kihindi, Mama Hansa, mumewe ana duka la vitambaa. Kwao sikukuu ya Diwali ikifika wanacheza karata kutafuta bahati ya mwaka. Mwaka huo akasema tucheze mashindano ya poka, wanawake watupu, wote wanaoanza. Kila mtu aje na kitu kimoja cha thamani. Atakayebaki wa mwisho anachukua vitu vyote, na juu yake cherehani mpya kutoka dukani kwao.

Cherehani! Mjukuu wangu Salma alikuwa fundi, anashona kwa mashine ya mtu, anapewa nusu ya jasho lake. Nikasema hii ni yake.

Lakini niingie na nini? Nikafungua sanduku lake yeye hayupo. Vipuli vya marehemu mama yake, ambaye ni mwanangu wa kumzaa. Alikuwa anavitunza avivae siku ya ndoa yake. Nikajiambia jioni vitarudi, na cherehani juu. Mungu wangu, nilivyojidanganya!

Tulikuwa wanane. Na nani kakaa mkekani na doti mbili mpya za kanga? Mama Zuena! Mama Hansa kamwalika bila kuniuliza.

Tukagawiwa vifungo vya shati, thelathini kila mtu, ndiyo hela yetu ya mchezo. Vikiisha, umetoka. Mama Hansa akatufundisha vizuri kabisa, siwezi kumsingizia.

"Mama, sikia," akaniambia. "Vifungo vikikubakia vichache, usingoje karata za ndoto. Ukipata jozi kubwa, sukuma vyote, lakini uanze wewe, mwenzako ndiye aogope. Vikiwa vingi, ya nini kumfuata mtu aliyeweka vyote? Mwache aende zake. Na mtu aliyekaa kimya saa nzima akisukuma vyote, huyo mkimbie!"

Nikaitikia ndiyo ndiyo. Masikio yamesikia, kichwa kimekataa.

Wale wengine walikuwa hovyo. Mmoja akipata karata nzuri anaimba. Mwingine anasukuma vyote kwa sababu amechoka kukaa. Nikawafyeka! Saa kumi tumebaki watatu: mimi nina vifungo vingi kuliko wote, Mama Zuena ananifuatia kwa karibu sana, na jirani mmoja kabakiwa na vitatu tu. Mwenye akili angengoja huyo wa vitatu atoke kwanza.

Mama Zuena alikuwa anatupa karata tu na kujitoa, mkono baada ya mkono. Mara akasukuma vifungo vyake vyote katikati.

Natazama zangu: wafalme wawili, jozi kubwa, na takataka tatu.

Akaniangalia. Akasema polepole, "Mama mwenye nyumba, nakuomba utupe. Leo ninazo."

Jamani! Alikuwa ananiheshimu. Alikuwa ananiambia kweli, jambo ambalo mchezaji hafanyi. Mimi nikasikia mpangaji ananiamuru mbele za watu.

"Wewe wa kunifundisha mimi? Kafa Ulaya wewe! Mwenye nyumba hamkimbii mpangaji wake!"

"Basi, mama. Kama umeamua."

Nikasukuma vyote. Akafunua: karata tatu, zote za saba, na tatu za namna moja zinakula jozi yoyote, hata ya wafalme.

Nilibaki na vifungo viwili, na mkono uliofuata navyo vikaenda. Mama Zuena akamaliza kazi, akabeba cherehani.

Mngedhani niliishia hapo. Wapi! Usiku alinigongea mlango, vipuli kavifunga kwenye kitambaa. "Mama, hivi navijua, nimeviona kwa Salma. Chukua, yaishe."

Nikamjibu, "Sili makombo ya mpangaji. Na chumba changu nakitaka."

Mwisho wa mwezi akahama. Alikohamia sikumuuliza, na nilipomtafuta Mchikichini nikiwa nimeinamisha kichwa, meza yake ilikuwa na mtu mwingine.

Salma alifungua sanduku wiki mbili kabla ya ndoa. Nikamweleza. Hakulia, hakunitukana. Akafunga sanduku, akarudi kushona kwenye mashine ya mtu.

Siku ya ndoa kakaa kapambwa, masikio matupu. Shangazi yake upande wa baba akauliza kwa sauti, makusudi: "Vipuli vya mama yako viko wapi?"

Salma akasema, "Nimemwomba Bibi aniwekee, nisije nikavipoteza kwenye watu wengi."

Mimi nilikuwa nimesimama pale na sinia ya halua. Wakanisifu! Wakasema bibi wa namna hii adimu.

Basi nyie mnaojiona majabali wa karata, pigeni mahesabu mnavyotaka, jozi hii, vifungo vile. Mnajiuliza saa ya kuweka vyote ni ipi. Mimi nawaambia ile isiyo saa yake: ni pale unapotaka kumwonyesha mtu kuwa yeye si kitu. Na kama ulichoweka si chako, hata usikae mkekani, mpumbavu wewe.

Salma ananiamkia kila siku. Funguo za sanduku lake sasa anatembea nazo.