Mstari wa Vipicha na Dungu la Bibi

Nilikuwa na miaka kumi na moja nilipoiondoa bahasha kwenye kompyuta ya watu, na aliyeadhibiwa kwa kosa hilo ni shoga yangu.

Nimelikumbuka juzi, nikipanga kompyuta mpya ya kupakata, ndogo kama daftari. Chini ya kioo chake kuna mstari wa vipicha vya programu. Unavuta kipicha unachokitaka, unakiweka unapopataka, ukikibonyeza programu inafunguka. Nilipofika kwenye kipicha cha barua, mkono ukasita.

Ilikuwa Kibiti, miaka ile maduka yalipoanza kujaa vitu vya nje, redio za kaseti na sabuni za kila harufu. Jirani yetu, Mhindi mwenye duka la vitambaa, aliletewa kompyuta ndogo yenye mstari wa vipicha kama huo na nduguye wa Dar es Salaam. Jioni jenereta likianza kunguruma, na harufu ya bizari ikitoka uani kwao, mimi na binti yake, huyo shoga yangu, tulikaa nyuma ya majora ya vitambaa. Kazi yake ilikuwa kumpangia baba yake vile vipicha, maana mzee macho yalikuwa mazito na kwake vyote vilifanana. Yeye alibonyeza, mimi nilitazama. Nikisogeza kidole, husema, "Mikono ina mafuta ya muhogo hiyo, shoga." Kweli ilikuwa nayo. Iliniuma vilevile.

Lakini mpango ulikuwa wangu. Kila msimu wa mpunga nilikwenda Mbuchi na Bibi kuamia ndege wasile mpunga, tukikaa kwenye dungu, kibanda cha miti kilichoinuliwa juu ya shamba lenye maji. Kwa kuwa palikuwa padogo, Bibi alitundika vitu kwa mwendo wa siku: cha alfajiri karibu na ngazi, cha kulalia ndani kabisa. "Dungu halina pembe ya kupotezea kitu," alizoea kusema. Nikamwambia shoga yangu apange hivyohivyo. Bahasha ya barua ikatangulia, kwa sababu baba yake aliandika barua kila asubuhi kabla ya kufungua duka. Ikafuata saa, kisha kitabu, na karata za kuchezea jioni zikawa mwisho.

Mzee alifurahi hata akawaita wateja waje kuona. "Binti yangu huyu ana kichwa," akasema. Shoga yangu akatabasamu. Hakunitazama, wala hakunitaja.

Nilimsimulia Bibi naye akipepeta mchele. Akacheka. "Ala, mke mwenzangu, wivu huu wote na mume bado hatujamgawana?"

Mimi sikucheka. Kesho yake, shoga yangu alipoitwa ndani kunywa chai, nilifuta vidole kwenye gauni, nikaivuta bahasha nje ya mstari. Ikatoweka. Moyo wangu ukatulia, kama mtu aliyeshiba.

Asubuhi mzee alidhani barua zake zote zimepotea. Nilimsikia nikiwa uani kwetu, nafagia: "Usiiguse tena. Umesikia? Tena." Nami nikaendelea kufagia. Wiki ile tukaondoka kwenda Mbuchi, nikajiahidi kusema nikirudi.

Tuliporudi na magunia yetu ya mpunga, milango ya duka ilikuwa imefungwa. Walikuwa wamehamia Dar es Salaam. Fundi cherehani wa pale barazani akanipa karatasi niliyoachiwa. Shoga yangu alikuwa amechora mstari wetu kwa wino, visanduku vinne, na ndani yake saa, kitabu na karata.

Siku hizi pale wanauza simu. Bibi ametangulia mbele ya haki, na hakuna tena wa kuniita mke mwenzake. Nikisikia mtoto wa mtu akisifiwa, bado kitu kilekile hunichoma. Karatasi ninayo. Kisanduku cha kwanza, cha bahasha, kimeachwa kitupu, na mpaka leo sijui kama aliniona.