Kikwembe Nilichofunikwa Nacho Kwenye Maji ya Moto

Kuna aibu ambayo mtu anaweza kuzikwa nayo kimya kimya, lakini hii yangu ilishuhudiwa na koo mbili nzima zilizokaa kwenye viti vya plastiki chini ya turubai, kwa hiyo kuificha sasa ni kazi bure, na heri niisimulie mwenyewe kuliko kuwaachia watu wa mtaa wetu wa Nyamianda, hapa Uvira, ambao kila wakiisimulia wanaongeza kipande kipya.

Nina ugonjwa wa viungo, huu ambao muganga wa kituo chetu cha afya anauita rimatisme, na magoti yangu yalikuwa yamefika mahali pa kulia kama bawaba za mlango (mke wangu anasema akiwa jikoni anasikia nimesimama kabla hajaniona). Vidole navyo vilikuwa vimeanza kujikunja, na kwa mtu aliyeuza vipuri vya baiskeli pale Kimanga tangu ujana wake, kushindwa kukaza nati mbele ya mteja si jambo dogo. Nikawa mtu wa kukaa tu dukani na kujifanya nina mawazo mengi.

Basi kitinda mimba wetu, Amani, akapata mchumba ng'ambo ya mpaka, binti wa Rumonge anayeitwa Jeanine. Mdogo wangu ndiye aliyekwenda kwao mara zote kuongea kwa niaba yangu, mambo yakakubaliwa, ikabaki ile Jumamosi ambapo ukoo wetu ungevuka kwenda kupokewa rasmi. Siku kama hiyo kunawekwa katikati chungu cha pombe ya mtama chenye mirija, na baba wa kijana anainuka mbele ya watu wote, anatembea mpaka kwenye chungu, anainama na kunywa pamoja na baba wa binti. Bila kitendo hicho watu wanarudi kwao na hakuna ndoa. Tena wazee wangu walinifundisha kwamba kabla ya kupokewa, baba wa kijana hali kitu cha wakwe wala hajionyeshi kwao ovyo, maana wakwe si watu wa kuzoeana nao.

Kuinama! Nilikuwa silali. Nilijiona nimeinama juu ya chungu nikashindwa kuinuka, na mama wa binti akimnong'oneza jirani yake kwamba mtoto wao anakwenda kuuguza badala ya kuolewa. Sikuwahi kuogopa kitu hivyo, hata katika zile siku ambazo sisi wa Uvira tulilala chini ya vitanda kukwepa risasi.

Hapo ndipo uamuzi wangu mdogo ulipozaliwa. Nilikuwa nimesikia habari za maji ya moto yanayotoka ardhini huko huko upande wa Rumonge, kwamba watu wanaingia wamebebwa na kutoka wakitembea. Kweli, ni Rumonge ya wakwe, lakini hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuniona, nikajiambia, nitajulikana na nani? Alhamisi alfajiri, siku mbili kabla ya safari ya ukoo, nikamwambia mke wangu kwamba ninakwenda Sange kutazama mpunga wa mdogo wangu.

"Sange? Na magoti hayo?"

"Nitapanda gari."

"Haya, Papa Amani. Uniletee basi muchele."

(Mchele huo mtausikia tena.)

Nikavuka mpaka na jeton yangu, kile kikaratasi cha kuvukia, mkononi, nikashika basi Bujumbura, Rumonge nikachukua pikipiki ya taxi-moto, na njiani kote nilikuwa nimeshusha kofia mpaka kwenye nyusi kama mtu aliyeiba. Penyewe kuna visima vya saruji vinavyofuka mvuke, wanaume upande huu, wanawake upande ule, na njia ya pamoja inapita katikati. Kijana wa zamu akaniambia, "Mzee, ingia kidogo, toka, pumzika, kunywa maji, halafu rudi. Usikae sana, damu inalewa." Nikavua nguo, nikazitia kwenye mfuko, nikajifunga taulo ya nyumbani, nikazama mpaka kidevuni.

Jamani, nilitaka kulia. Magoti yalinyamaza. Vidole vilifunguka kimoja kimoja, nikavikunja na kuvikunjua chini ya maji kama mtoto anayejifunza kuhesabu. Kijana akaniita nitoke, nikajifanya sisikii. Akaniita tena, nikaangalia upande wa milima. Nilitaka kuondoka hapo nikiwa na magoti mapya, na nilidhani kadiri unavyokaa ndivyo unavyopona (akili ya muuza vipuri: grisi ikizidi ni bora zaidi). Niliposimama hatimaye, dunia ikazunguka, taulo ikanywa maji ikawa nzito ikashuka yenyewe, nami nikapiga hatua mbili nikaanguka katikati ya njia ya pamoja, chali, kama nilivyozaliwa.

Nilisikia kelele za wanawake, kisha sauti moja juu ya zote: "Wanaume iko wapi? Munaangalia tu, muzee anakufa?" Alikuwa mama mnene, amekuja na bidoni ya kuchota maji. Akavua kikwembe alichojitanda mabegani, cha kijani chenye majogoo wekundu, akanifunika, akaniingiza mikono kwapani na kunikokota mpaka kwenye kivuli cha kibanda. Akaagiza chai yenye sukari. Akatoa ndizi za kuchemsha kwenye kapu lake. Nilikula kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa anaamuru.

"Unaitwa nani, muzee?"

Hofu ikanijibia. "Petero."

"Wa wapi?"

"Sange."

"Na watoto wako wanakuacha namna gani unakuja peke yako? Toa namba, niwapigie simu."

Niliona simu ikiita kwa Amani, nikaona safari ya Jumamosi ikivunjika. "Sina watoto, mama," nikasema. "Hata mmoja."

Yule mama aliniangalia kwa huruma mpaka nikainamisha uso, akaniongezea ndizi. "Pole, baba. Minye Mungu alinipa watoto. Na Jumamosi napokea wageni wa Uvira, wanakuja kwa ajili ya Jeanine wangu. Hata haya maji ni ya kukanda bwana yangu, asiniaibishe mbele ya watu."

Nikaiweka ndizi chini. Nilikuwa nimevaa kikwembe cha mama mkwe wa mwanangu, tumbo limejaa chakula chake, naye ameniona nilivyo tangu utosini mpaka nyayoni.

"Baba ya kijana iko na duka ya vipuri vya baiskeli pale Kimanga," akaendelea. "Weye mutu wa Sange, haumujui?"

Hapa mtu mwenye akili angesema hapana. Mimi nikasema, "Ninamjua. Mtu safi kabisa. Tena anatembea kama mcheza mpira."

"Kweli? Kijana alituonyesha picha, lakini ya zamani, nywele ingali nyeusi."

"Hata leo ni nyeusi," nikajibu, na maji yakidondoka kutoka kwenye mvi zangu mpaka kwenye kikombe.

Goti moja lilikuwa limevimba, suruali ikagoma kupita. Mama akasema niende na kikwembe, atasamehe, mtu asiye na mtoto anahitaji kufunikwa. Kwa hiyo nilirudi hivyo, shati juu, majogoo chini, nimekaa upande kwenye pikipiki kama bibi harusi, huku nikiangalia jua maana mpaka unafungwa jioni na nikilala ng'ambo nimekwisha. Nilifika wakiwa karibu kushusha kizuizi. Askari akasema bila kuinua kichwa, "Mama, jeton!" kisha akaona ndevu, akawaita wenzake waje kutazama.

Nyumbani mke wangu alikuwa mlangoni.

"Muchele iko wapi?"

Nikavuta kikwembe kifunike goti.

"Na suruali?"

"Iko kwenye mfuko. Nilianguka shambani, goti likavimba, shemeji yako akanisaidia na..."

"Mudogo wako ameshinda hapa tangu asubui anakutafuta. Ametoka sasa hivi." Akashika ncha ya kikwembe, akaipima kwa vidole kama yuko sokoni. "Ni cha mwanamuke gani?"

Ningesema ukweli, lakini ukweli ulikuwa mbaya kuliko uongo. Ningesema nimekula kwa wakwe kabla ya siku, nikaonekana uchi na mama wa binti? Mdogo wangu na wazee wangesimamisha safari mara moja. Nikasema sikumbuki. Yule mwanamke niliyemwoa katika ujana wangu akatikisa kichwa taratibu.

"Sawa. Nitakifua, nitakivaa. Nitakivaa ku kanisa, nitakivaa ku soko, mpaka mwenyewe ajitokeze."

Jumamosi asubuhi akatoka chumbani amekivaa. Nikamsihi abadilishe. Nikamsifia kile cha bluu. Nikasema kijani kinamzeesha. Kila neno nililosema lilimfanya akikaze zaidi kiunoni. Ndani ya basi la kukodi, ukoo mzima uliimba mpaka Rumonge, na mimi nilikuwa ninaomba Mungu gurudumu lipasuke.

Halikupasuka. Tukapokewa kwa vigelegele, tukaketishwa, nami nikapewa kiti cha mbele cha baba wa kijana, na kofia yangu imeshushwa. Katikati kulikuwa na chungu, na chungu kilikuwa kimefunikwa. Mnajua vikwembe vinanunuliwa viwili viwili. Kile cha pili ndicho kilichofunika chungu: kijani, majogoo wekundu. Mke wangu na chungu cha pombe walikuwa wamevaa sare.

Watu wetu wakaanza kugusana viwiko. Mke wangu akaangalia chungu, akajiangalia, kisha akanigeukia polepole, na hapo hapo Mama Jeanine akaingia akiimba na wanawake wenzake, akafika mbele yetu, akaona kikwembe, akaona aliyekaa karibu na kikwembe, wimbo ukakatika mdomoni mwake. Akaenda kumnong'oneza msemaji wao.

Msemaji akasimama, akakohoa. "Wageni wetu, kabla ya mirija mama wa nyumba iko na swali moja. Juzi kwenye maji ya moto alimwokota mzee wa Sange, anaitwa Petero, hana mtoto hata mmoja. Leo tunamwona hapa, amekaa kwenye kiti cha baba. Sasa tunauliza kwa heshima: huyu kijana aliyekuja kuoa ni wa nani?"

Kuna watu walicheka mwanzoni, kisha wakaacha, kwa sababu Amani hakuwa anacheka. Aliniangalia kama alivyoniangalia akiwa mdogo, siku niliyomwacha sokoni kwa kujisahau. Nilikuwa nimeogopa macho ya wakwe, macho ya askari, macho ya mke wangu, na katika hofu yote hiyo sikuwa nimeyafikiria hayo ya Amani.

Nikasimama. Magoti yalilia na kila mtu aliyasikia.

"Petero ni mimi," nikasema. "Niliogopa mseme kijana anatoka kwa baba kiwete. Nikadanganya jina, nikadanganya mji, na nilipoona mtampigia mtoto wangu simu nikasema sina mtoto. Chakula chenu nimekila kabla ya siku. Makosa ni yangu peke yangu, msimhesabie kijana. Huyu anaitwa Amani. Ni wangu. Nina wanne, na huyu ndiye..."

Sikumaliza, goti lilikunjika. Kabla sijafika chini nilisikia mikono kwapani, nikadhani ni yule mama tena, lakini ilikuwa ya Amani. "Egemea, baba," akasema kwenye sikio langu. "Egemea tu."

Mama Jeanine akamtazama kijana aliyenishikilia, mpaka akaridhika.

"Basi mutoto tumemuona," akasema. "Na weye Petero uliyekana mutoto, majogoo wako ndio hawa, wawili wawili. Umewasikia?"

Hapo turubai zima likapasuka kwa kicheko, Wakatoliki na Waprotestanti pamoja, na mke wangu ndiye aliyecheka kuliko wote, mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kikwembe chenyewe. Kisha baba wa binti, ambaye hakuwa amefungua kinywa tangu tufike, akatoa fimbo aliyokuwa ameificha nyuma ya kiti, akaiinua juu.

"Minye nimekandwa na maji yale siku tatu na bado siwezi kuinama," akasema. "Vijana, mulete meza."

Wakaleta meza, chungu kikawekwa juu yake, na sisi wazee wawili tukanywa tumesimama wima kama maofisa. Meza tu! Hofu yangu yote, safari yangu yote, ingemalizwa na meza ya kulia chakula kama ningefungua mdomo mapema.

Ndoa ilifungwa, na mkwe wangu Jeanine akinipigia simu ananiita Papa Petero. Kikwembe hatukukirudisha. Mama yake alisema kibaki, na mke wangu anakivaa kila ninapoanza kumwambia ninakwenda mahali fulani, anapita nacho mbele yangu polepole. Maji ya moto bado ninayaendea, lakini Amani ndiye anayenipeleka, anakaa ukingoni na mfuko wenye suruali yangu mapajani, na akiniita nitoke ninatoka mara ya kwanza. Na wenzangu wa mle majini wakiniuliza habari za magoti, ninaanza kwanza kuwatajia majina ya watoto wangu, wote wanne, hata kama hawakuniuliza.