Chupa Zangu za Dirishani

Mwaka ule nilikuwa nalala sebuleni kwa dada yangu, Temeke, na nilikuwa na jambo moja tu la kuombea: niwe DJ wa disko la mchana. Mwenye muziki, braza mmoja wa Kinondoni, alishaniambia, "Nakupa Idi hii. Ukiwachezesha, kazi yako. Ukiharibu, usinisumbue tena." Shemeji naye alikuwa amechoka kunilisha. Sikuwa na pengine pa kwenda.

Shida yangu, hakuna kitu kilichoniridhisha. Ma-DJ wengine walikata wimbo wakapachika mwingine. Mie nilitaka tekno, ule muziki wa mashine uliokuwa ukija kwenye kaseti, iingie ndani ya tekno nyingine bila mtu kujua imeingia saa ngapi. Nilijifundisha kuzungusha kitufe cha spidi cha deki ya kaseti mpaka midundo ya kaseti mbili ikaenda pamoja. Lakini midundo ikipatana, sauti ziligombana, kama watu wawili wanaoimba kila mmoja wimbo wake. Na kaseti ukiikimbiza, sauti yake nayo inapanda. Ikanibidi nitafute nyimbo ambazo zikifika mwendo mmoja, sauti nazo zinakutana.

Kinanda cha kupimia sauti sikuwa nacho. Nilikuwa na chupa tupu za soda. Nilitia maji, nikapuliza juu ya mdomo wa chupa, nikaongeza na kupunguza mpaka mlio ukalingana na besi ya wimbo, kisha nikaweka alama kwa rangi ya kucha ya dada. Nilizipanga dirishani. Kila nilipoamka nilihisi zimebadilika, nikazipuliza upya mpaka midomo ikauma.

Asubuhi ya Idi nilitoka kuswali nikakuta dirisha tupu.

"Dada, chupa zangu?"

"Nimebadilishia soda. Wageni wanakuja, duka gani litanipa soda bila chupa tupu?"

"Zilikuwa na maji yangu!"

"Nimeyamwaga. Yalishaanza kuota ukijani, mdogo wangu. Kaa ule pilau."

Sikula. Nilikwenda ukumbini.

Wimbo wa kwanza uliwanyanyua wote. Nikaweka kaseti ya pili kwenye deki ya pembeni, nikavaa hedifoni. Mwendo ulikubali mara moja. Sauti sikuiamini. Mara iko juu, mara iko chini. Nilichosikia zaidi ni moyo wangu. Nikamwomba muuza soda chupa moja, nikanywa funda, nikapuliza. Nikanywa tena, nikapuliza. Povu likavuruga mlio. Nikasubiri litulie, na hapohapo kaseti ya kwanza ikaisha, kitufe kikaruka.

Kimya.

"Umeme umekatika?" mtu akauliza.

"Umeme upo, DJ ndo kakatika!"

"Mwacheni anywe soda, sikukuu hii!"

Braza alipanda jukwaani bila kuniangalia, akabonyeza ile kaseti niliyokuwa naihofia. Ukumbi ukaruka. Besi ilikuwa ileile ya wimbo uliokwisha. Zilikuwa zimepatana tangu mwanzo.

"Shuka, mdogo wangu," braza akasema taratibu, na taratibu ile ndiyo iliyonimaliza.

Nilifika mlangoni ndipo muuza soda akanishika shati. "We DJ, chupa haitoki nje."

Nikaimalizia soda yote iliyobaki, nikampa chupa yake.