Asubuhi Niliyomnyima Kaka Sala

Simu ililia nikiwa kwa fundi viatu, mguu mmoja peku. Alikuwa binti wa kaka yangu. "Shangazi," akasema. Nyuma yake nikasikia mtu akisema, "Mfunikeni." Nikajua. Niliondoka na kiatu kimoja, fundi akanikimbilia na kingine.

Kaka alifundisha fizikia chuo kikuu miaka thelathini na mmoja. Alipostaafu, mikono ya kulia ya mashati yake yote ilikuwa imepauka kwa vumbi la chaki. Mkewe alipofariki nilihamia kwake, na kila asubuhi nilisimama nje ya chumba chake nikimwombea kwa sauti. Yeye hakuwa mtu wa ibada.

"Mdogo wangu, punguza sauti," alikuwa akisema kutoka kitandani. "Mungu wako si kiziwi."

"Namwombea kiziwi aliyelala humo."

Tulicheka.

Jumanne ile nilimwomba Mungu amwondolee uzito wa moyo. Kaka akadakia kutoka ndani: "Uzito? Mwambie anipeleke mwezini, utapungua wenyewe! Tungamo, wingi wa maada mwilini, ndilo halibadiliki. Miaka yote hii hujajua tofauti?"

Mimi niliishia kidato cha nne. Maneno yale yalinichoma. "Kaka, hata sala unaipigia kalamu nyekundu? Haya, kesho jiombee."

Jumatano nilipita mlangoni pake kimya, nikaenda zangu kwa fundi. Moyo wake ulisimama kabla ya saa nne.

Tangu hapo namsikia akikohoa nyuma ya mlango ule, kikohozi chake kidogo cha kusafisha koo kabla ya somo. Nikifungua, nakuta kitanda tu.

Ijumaa binti yake alinikuta nimekaa chini kwenye korido. "Shangazi, hebu ona hili." Lilikuwa daftari la kando ya kitanda. Ukurasa baada ya ukurasa, kwa mwandiko wake mwembamba, aliandika tarehe, saa, na urefu wa kila sala yangu. Miaka sita, hakuruka hata siku moja. Mahali pamoja: "Sauti imekauka. Anywe maji ya moto." Na Jumatano: "Saa kumi na mbili na nusu. Kimya." Chini yake: "Saa moja. Bado nasubiri."

"Baba alikuwa anapima nini?" binti akauliza.

Nilirudia kusoma mistari ya Jumatano. Nimemwomba Mungu msamaha, na naamini amenisamehe. Kaka sijui.

Tulimzika Jumamosi saa tano. Aliacha maagizo kwamba pasiwe na hotuba, na hazikuwepo. Wanafunzi wake wa zamani, wengine wenye mvi, walibeba jeneza. Lilipokwisha kushushwa, binti yake akaninong'oneza, "Mwombee, shangazi." Nilipiga magoti kwenye udongo, nikaomba kwa sauti. Nilikwama mara mbili, akanishika bega, nikaendelea hadi mwisho. Wakafukia. Watu wakaweka maua, wakaondoka wawili wawili. Sisi tuliondoka wa mwisho.