Nyimbo za Kumuita Kanyere

Mimi ni Charline, ninauza makala, makaa ya kupikia, hapa Ndosho, mutaa wa Goma, na wanaonijua wanajua kwamba mudomo wangu hauna breki. Basi nikisema kwamba ndugu yangu Hategekimana ni mupumbavu, musinikasirikie. Ninamupenda. Nilimubeba mugongoni kule Rutshuru akiwa mutoto, na hata leo akikohoa ni mimi ninayesikia wa kwanza, kwa sababu kati ya chumba chake na changu kuna ukuta wa mbao tu.

Hatege, ndivyo tunavyomuita, anatengeneza chukudu, zile pikipiki za mbao zisizo na injini, zinazoteremusha magunia ya viazi kutoka Munigi. Mukono wake ni mwepesi. Ulimi ndio muzito. Ana kigugumizi tangu utoto: neno linafika kwenye meno, linakwama, na yeye anabaki macho yamemutoka. Lakini mupe gitaa, ile aliyojichongea mwenyewe na kuifunga waya za breki ya baiskeli, halafu aimbe. Eeh! Maneno yanateremuka bila kugonga jiwe hata moja. Ndivyo alivyomupata Kanyere, Munande wa Butembo aliyekuja Goma kuuza maharagwe. Alipita mbele ya karakana yake, akasikia wimbo, akatua muzigo. Wengine wanatanguliza mbuzi za mahari. Huyu alitanguliza gitaa, mbuzi zikafuata nyuma.

Halafu Kanyere akaenda Butembo kumuzika mama yake. Alisema matanga yakiisha anarudi. Matanga yakaisha, vita ikakata barabara nyuma yake, na tangu siku ile mutoto wake wa mwisho amejifunza kutembea, kukimbia, na kunijibu vibaya. Mutu mwenye lazima ya kusafiri anazunguka Uganda na kutokea mupakani Bunagana. Ni safari ndefu, inachosha, inatisha. Kanyere hakuzunguka.

Siku ya kuondoka alinitundikia shingoni ufunguo wa sanduku lake la vitenge. Kwetu, sanduku la mwanamuke halifunguliwi na mutu mwingine yeye akiwa muzima. Likifunguliwa bila yeye, basi ni siku ya kumaliza matanga yake: dada na mawifi wamekaa chini, wanalia na kugawana, hiki chako, hiki changu. Kanyere aliniambia, "Wifi, usimupe mutu. Hata bwana yangu." Nikaapa.

Mwanzoni alipiga simu kila Jumapili. Hatege anashika simu kwa mikono miwili kama mutu anayebeba yai. "K-k-kanyere... w-w-watoto wazima." Halafu pumzi tu, mupaka vocha inaisha. Akikata, mimi ndiye ninamupigia Kanyere tena, na mimi ndiye ninasikia yale ambayo ndugu yangu hasikii.

"Wifi," aliniambia siku moja, "bwana yangu hajaniambia hata mara moja: rudi. Kaka zangu wanasema mwanaume anayetaka bibi yake anasema. Wananiambia nikae, wananipa shamba. Mimi nitazunguka Uganda nzima kumufuata mutu asiyeniita?"

"Unamujua ulimi wake!"

"Ninamujua. Lakini nimechoka kujijibia mahali pake."

Na huku, kila jioni, Hatege anatenga chakula cha Kanyere, anakifunika na sahani, anakiweka kwenye kabati. Asubuhi watoto wanakila. Nilimucheka sana. "Unamulisha nani, mende?" Yule anapoumia hajibu, anachukua gitaa tu. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, na mimi niliyelala nyuma ya mbao nilikisikia kikohozi hicho kila siku. Kulikuwa na wimbo mumoja ulionichoma moyo:

*Kanyere, mulango haukufungwa,*
*ni upepo tu umeusukuma.*
*Chakula chako nimekifunika,*
*kikipoa ninakipasha moto.*

Nikamuambia: muimbie basi! Nyimbo zote hizi unaziimbia panya? Bénédicte, jirani yetu anayefanya biashara ya viatu, anazunguka Uganda mupaka Butembo mara kwa mara. Kanyere ana kasimu kadogo ka tochi, lakini kanakubali kadi ya muziki. Tutie nyimbo kwenye kadi, Bénédicte aibebe. Uso wa Hatege ukafunguka. Akasema, "A-a-albamu."

Kwa kazi ya kunasa sauti, tulimuita Jephté, anayeongoza kwaya ya kanisa letu. Ana simu nzuri, na ana maneno mengi. Alikaa chumbani kwa Hatege, akainua kidole, Hatege akaanza. Mashine ya kusaga ikalia kwa jirani. "Kelele! Tunarudilia," akasema Jephté. Wakarudilia. Pikipiki ikapita ikipiga honi. "Kelele!" Nishimwe, binti mukubwa wa Hatege, akaanza kutwanga sombe, majani ya muhogo, uani. "Kelele!" Mimi nikagombana na muteja aliyetaka nimujazie gunia mupaka shingoni. Jephté akatoka nje akaniangalia, na mimi nikamuangalia vilevile.

"Albamu ni kitu cha heshima," akasema. "Hapa tunahitaji vitambaa vizito, vingi, tufunike kuta zote. Kitambaa kinakula kelele."

Wote wakageuka kuangalia shingo yangu.

"Thubutu!" nikasema. "Sanduku la Kanyere? Kwani amekufa? Mutaanza na vitenge, kesho mutaniletea bibi mwingine wa kuvivaa!"

Nilipiga kelele mupaka majirani wakachungulia juu ya ukuta wa mawe. Hatege alingoja nimalize. Kisha akasema, na lilikuwa jambo refu kuliko yote niliyowahi kumusikia akisema bila gitaa, "D-d-dada. H-h-hajafa. N-n-ndiyo maana ninaomba."

Nilitoa ufunguo.

Kifuniko kilipoinuka harufu yake ikatoka: sabuni, na yale mafuta yake ya nywele. Hatege akageukia ukuta. Mimi nikalia waziwazi, sikuona haya. Tukavitundika kwenye kamba, kitenge cha harusi, cha ubatizo wa watoto, cha siku ya wanawake, na nikatangaza kwamba mutu akipiga musumari kwenye kitenge cha wifi yangu, nami nitamupigilia yeye. Kuta zikajaa, dirisha likajaa. Na kweli, kelele ikafa. Ulikuwa unaweza kumusikia Hatege akimeza mate.

Aliimba siku ile mupaka Jephté mwenyewe akasahau kuinua kidole. Nikasema moyoni, Kanyere akisikia hivi na asirudi, basi ana jiwe kifuani. Bénédicte akafunga kadi kwenye kona ya leso, akaondoka.

Tukangoja. Hatege alikuwa anaharibu kazi, anachonga gurudumu la chukudu, linatoka na pembe. Mwishoni simu ikalia, lakini haikulia kwake, ililia kwangu.

"Wifi," Kanyere akasema, na sauti yake ilikuwa baridi. "Ile nyumba ni ya nani?"

"Nyumba gani?"

"Anamoimbia. Mimi nimeishi Ndosho, usinidanganye. Nimesikiliza kadi nzima, hakuna mashine, hakuna pikipiki, hakuna mutoto anayelia, wewe mwenyewe haumo. Ile ni nyumba ya matofali, nyumba ya mutu mwenye pesa. Bwana yangu amehamia kwa mwanamuke gani? Na nyimbo zangu ameenda kuziimbia huko?"

"Mungu wangu! Kanyere, ni chumba chenu! Tulitundika vitenge vyako, vikala kelele."

Nilijua nimeharibu kabla sijafunga mudomo.

Akasema polepole, "Mulifungua sanduku langu." Na tena, "Kwani mumenizika?" Akakata. Nikapiga, hakuchukua. Siku zilizofuata simu yake ilikuwa imezimwa.

Nilimueleza Hatege yote, bila kuficha, pamoja na yale ya kaka za Kanyere na shamba, na lile kwamba hajawahi kusikia neno rudi. Nilifikiri ataanguka. Aliingia ndani, akaanza kuteremusha vitenge. Alivikunja mwenyewe, kimoja kimoja, kwa mikunjo ya Kanyere, akavirudisha sandukuni, akafunga, akanivika ufunguo shingoni. Kila kitenge kilipotoka ukutani, kelele kidogo ilirudi: mashine kwanza, kisha watoto, kisha barabara. Nilimusikia akisema peke yake, "A-a-anatafuta hii k-k-kelele."

Jephté alipoambiwa kwamba tunarudilia nje, uani, saa za mutwango na wateja, alisema hataki jina lake litajwe. Akatuachia simu lakini. Hatege akaiegemeza kwenye bidoni ya maji, akakaa juu ya chukudu isiyomalizika, akaanza.

Hakumunyamazisha mutu. Nishimwe alitwanga sombe, na kwa kuwa ni damu ya baba yake, mutwango ukaingia wenyewe kwenye wimbo. Mutoto wa mwisho alianguka akalia, akabembelezwa, yote kwenye kadi. Muteja wangu akarudi na gunia lake, tukatukanana vizuri sana. Kwaya ya kanisa la jirani ikaanza mazoezi na kufunika wimbo wa pili karibu wote. Halafu mvua. Ilipiga mabati ya kibanda changu cha makala mupaka gitaa ikawa inasikika kwa mbali, na Hatege akazidi kuimba, maji yakimutiririka usoni. Nilipiga kelele, "Ingia ndani, mupumbavu wewe, utaua simu ya watu!" Na hiyo pia imo.

Alipomaliza wimbo wa mulango, nilifikiri atazima. Hakuzima. Aliweka gitaa chini. Akasogea karibu na simu, mikono mitupu, na akafungua mudomo.

"K-k-kanyere," akasema. "R..."

Likakwama. Shingo ikamuvimba. Nishimwe akaacha kutwanga. Nilitaka nilisukume mimi lile neno, nimetamka maneno ya huyu mutoto tangu akiwa mugongoni kwangu, na nikauma ulimi wangu, mimi Charline, nikanyamaza. Mvua tu. "R-r-r..." Akapumua, akaanza upya. Sijui ilichukua muda gani. Mwishoni likatoka, dogo, limechoka.

"Rudi."

Jephté alipokuja kuchukua simu, alisikiliza mwisho ule akasema, "Hapa tunakata, au siyo? Neno moja kungojwa hivi, siyo vizuri." Nilimuambia akigusa pale nitamupaka makala uso muzima, aongoze kwaya hivyo hivyo Jumapili. Bénédicte akaondoka na kadi.

Jana simu yangu ililia.

"Wifi," akasema Kanyere. Nilisikia anapumua, na nyuma yake nikasikia mvua yetu wenyewe, na mimi nikitukana muteja. Alikuwa anatusikiliza tena, kwenye simu nyingine.

"Yule mutoto alianguka wapi?" akauliza.

"Kwenye jiwe la kufulia. Hakuumia."

"Na sombe ya Nishimwe, iliiva?"

"Aliweka chumvi nyingi. Mama yake hayuko wa kumuonyesha."

Akalia. Nikamuacha alie. Kisha akasema, "Muambie bwana yangu nimesikia."

"Umesikia nini? Kuna nyimbo nyingi mule."

"Nyimbo nilikuwa nazijua." Akapenga kamasi. "Ufunguo wangu uko wapi?"

"Shingoni."

"Basi bakia nao hapo. Ninakuja kuuchukua mwenyewe. Bénédicte anarudi Goma, ninapanda naye, tumeshafika Kasindi, mupakani na Uganda."

Nilikimbia mupaka karakana nikamupa Hatege habari. Aliangusha randa, akakaa juu ya mbao, akafunika uso. Na mimi, ajabu, badala ya kumucheka nikamuokotea randa.

Hawajafika. Bunagana ni mbali, na barabara hii mutu haiamini mupaka amuone mutu wake amesimama mulangoni. Mvua inanyesha tangu muchana. Leo nimepika mimi, maharagwe na ndizi, na kabla Hatege hajarudi kutoka kazini nimetenga chakula cha Kanyere, nikakifunika na sahani.